Kaburi la mdogo wetu limepasuka masika ya kwanza tu: fundi, udongo au haraka zetu?

Dada wa Ukonga
Wakuu, salaam. Mdogo wetu wa mwisho alifariki akiwa na miaka 24, tukamzika hapa hapa Dar. Kaburi lilijengewa likawa tayari kwa arobaini: kuta za tofali za inchi 5, jamvi la zege juu, marumaru nyeupe, msalaba na picha yake. Sasa masika yamepita na hali ni hii: ufa umekata jamvi kwa mapana karibu na katikati, marumaru za kichwani zimebanduka, picha imekuwa ya bluu na uso hausomeki. Mama anataka liwe sawa kabla ya misa ya mwaka. Fundi anasema udongo mbaya. Binamu anasema fundi mbaya. Wenye ujuzi, chanzo ni nini na tukirudia turudie vipi? Na kama kuna namna nyingine ya kumkumbuka mbali na sementi, semeni pia, maana nyumbani sasa tunagombania kaburi kuliko tunavyomzungumza mwenyewe.

Mzee wa Buguruni
Poleni sana binti yangu. Jibu umeshaliandika mwenyewe: "likawa tayari kwa arobaini". Shimo la mita moja na nusu na zaidi linajazwa kwa majembe ndani ya nusu saa, hakuna anayeshindilia. Lile tuta linalobaki juu mnadhani linatoka wapi? Ni udongo ule ule, umejaa hewa. Utashuka wenyewe, na utashuka zaidi maji ya masika yakiingia. Ukimwaga zege juu yake siku ya thelathini na tano, zege linabaki limening'inia na udongo umeshaondoka chini. Subirini masika nzima ipite, halafu ndiyo mjenge.

FundiZege
Mzee hapo juu yuko sawa nusu. Kusubiri kunapunguza kushuka, hakukumalizi. Kosa kubwa ni kwamba watu wanajenga kuta za tofali juu ya udongo wa shimo lenyewe. Shimo lina upana wa sentimita 75 hivi na urefu wa mita 2.1. Ukiweka tofali ndani ya kipimo hicho, kila kitu kimekaa kwenye udongo uliofukiwa. Jamvi linatakiwa livuke kingo za shimo likalie udongo wa asili ambao haujaguswa na jembe, sentimita 20 kila upande. Kwa hiyo jamvi lako liwe mita 2.5 kwa 1.15, unene sentimita 10. Hapo hata chini kukishuka, jamvi limesimama kama daraja.

Vifaa vya jamvi hilo: sementi mifuko mitatu, nondo za milimita 10 tatu, mchanga, kokoto, na waya wa kufungia. Nondo zipangwe kila sentimita 20, kwa urefu na kwa mapana, na zinyanyuliwe na vipande vya zege zisiguse chini. Ukizilaza kwenye udongo ni sawa na kuzizika bure.

Kokoto Saba
@FundiZege mifuko mitatu ya nini? Tupige hesabu: 2.5 × 1.15 × 0.1 ni kama mita za ujazo 0.29. Kwa moja-mbili-nne (sementi, mchanga, kokoto), mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa zege kama 0.155. Mifuko miwili inatosha na kinabaki kidogo. Mfuko wa tatu unakwenda nyumbani kwa fundi 😀

Kwa wasiojua vipimo: mfuko wa sementi ni kama lita 35, yaani haufiki ndoo mbili za lita 20. Kila mfuko uchukue ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hivi. Mafundi wengi wanaongeza maji ili zege liteleze wasichoke. Zege la uji likikauka linajaa vitundu na nguvu imekwisha.

FundiZege
Mfuko wa tatu ni wa plasta na kupandishia tofali, mkuu. Soma kwanza ndiyo ucheke. Ila kwa jamvi peke yake, kweli ni miwili.

Mtu wa Mwambao
Mnazungumza zege na hakuna aliyeuliza mchanga umetoka wapi. Huku kwetu kuna mchanga wa ufukweni unauzwa usiku kwa bei ya kutupa. Una chumvi. Chumvi inakula nondo, nondo ikipata kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Dalili yake: ungaunga mweupe kwenye plasta, na madoa ya kutu yanayofuata mstari wa nondo. Dada, angalia ufa wako kama una rangi ya kutu.

Na kipimo cha tope: jaza mchanga nusu chupa ya maji ya plastiki, ongeza maji, tikisa, acha hadi asubuhi. Tope litakaa juu ya mchanga. Ukiona tabaka nene, mchanga huo wa kufukia.

Kokoto Saba
Kutu ndani ya mwaka mmoja? Kwenye jamvi la sentimita 10? Hapana, mwambao. Kutu inachukua miaka kupasua. Ufa wa masika ya kwanza hausababishwi na chumvi.

Mtu wa Mwambao
Nondo zikiwa zimelala chini bila kifuniko cha zege, kama fundi mwenzio alivyosema, unyevu unazifikia mara moja. Sijasema ni chumvi peke yake.

Mama Temeke
Poleni wafiwa. Mimi niko upande wa jeneza. Majeneza mengi ya siku hizi ni mbao laini na plaiwudi iliyofunikwa kitambaa. Kifuniko kikioza, uzito wote wa udongo unaingia ndani kwa mkupuo. Ndiyo maana kaburi linatulia miezi kadhaa halafu siku moja unakuta limezama katikati, tena kwenye kifua, si miguuni. Ufa wa dada uko karibu na katikati, kwa mapana. Mnaona?

Wanaojengea ndani kwa tofali na kufunika kwa mifuniko ya zege kabla ya kurudisha udongo hawapati shida hiyo, kwa kuwa mzigo hauligusi jeneza. Gharama inapanda, na ni kazi ya usiku mmoja kabla ya maziko, hivyo familia nyingi hazina muda.

Ustadh wa Ilala
Assalaam aleikum. Hata kwetu Waislamu zile mbao za mwanandani (kijishimo anamolazwa maiti) zikioza, kaburi linazama. Tofauti ni kwamba halijengwi, basi hakuna cha kupasuka. Imo katika Sahihi Muslim, hadithi ya Jabir, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Tunainua udongo shibri moja, tunaweka alama ya jiwe kichwani, na ukizama tunaongeza udongo. Chepe moja na toroli mbili za mchanga, kazi imekwisha.

Kijiwe cha Mwananyamala
Ustadh, ukipita makaburi ya Waislamu hapa mjini utaona marumaru nyingi tu, tena za bei.

Ustadh wa Ilala
Nimesema kilichokatazwa, sikusema kinachofanywa.

Mzee wa Buguruni
😂 Haya tumwachie ustadh. Ila wazo lake la kuongeza udongo ni zuri hata kwa Wakristo. Mwaka wa kwanza wekeni fremu tu: mzunguko wa tofali kozi mbili, ndani mchanga au kokoto nyeupe, msalaba wa mbao wenye jina. Ikizama unajaza. Mwaka wa pili ndiyo mnaweka kitu kizito.

Mpima Viwanja
Niwarudishe kwa FundiZege. Jamvi la upana wa mita 1.15 utaliweka wapi? Kwenye makaburi mengi ya Dar nafasi kati ya kaburi na kaburi haifiki hata futi moja. Ukivuka sentimita 20 kila upande umeingia kwa jirani, au umekalia shimo lake, ambalo nalo ni udongo uliofukiwa. "Udongo wa asili usioguswa" huo ni wa vitabuni. Upande mmoja mgumu na mwingine laini ni mbaya kuliko pande zote laini, kwa sababu jamvi linashuka mshazari na kukatika.

Kabla ya lolote, chukua futi kamba upime umbali hadi makaburi ya jirani pande zote nne, halafu pitisha pimamaji juu ya jamvi. Likiwa limeinamia upande mmoja, tatizo ni jirani. Likiwa limebonyea katikati, ni jeneza, kama Mama Temeke anavyosema. Likiwa limenyooka ila lina ufa, ni zege lenyewe.

FundiZege
Hoja ya nafasi naikubali. Ikiwa hakuna nafasi, vukeni kwa urefu: kichwani na miguuni mara nyingi kuna njia. Nondo kuu zilale kwa urefu, ziwe za milimita 12, kila sentimita 15.

Mpima Viwanja
Daraja la mita 2 na zaidi kwa sentimita 10, na mzigo wa msalaba wa zege upande mmoja. Hapo unahitaji unene zaidi. Unene ni uzito. Uzito unashusha udongo. Unazunguka mule mule.

Dada wa Ukonga
Asanteni. Nimepiga simu kwa kaka, amepima: jamvi limeinama kidogo kulia, na limebonyea kidogo katikati. Sasa ni jirani au ni jeneza?

Mpima Viwanja
Yote mawili. Samahani.

Binti Marumaru
Niongelee marumaru kwa kuwa wote mmeziruka. Zilizobanduka ni za kichwani, mahali msalaba unapokutana na jamvi. Hapo maji yanatuama. Jamvi la kaburi linatakiwa liwe na mteremko wa sentimita 2 kutoka kichwani hadi miguuni, maji yatiririke. Kosa la pili: fundi anaweka vidonge vitano vya sementi nyuma ya marumaru, kimoja kila kona na kimoja katikati, kisha anagonga. Chini kunabaki mapango. Jua la Dar linachoma, mvua inapoza ghafla, marumaru inajivuta na kujinyoosha, inabanduka. Gonga kwa sarafu: ikilia kama mtungi mtupu, itatoka.

Njia sahihi ni gundi ya vigae ya nje, iliyotandazwa kwa mwiko wa meno wa milimita 10, ijae mgongo mzima. Kati ya marumaru acha milimita 3, jaza grauti. Wengi wanabananisha bila nafasi ili ing'ae kama sebule, na jua likiwaka zinasukumana. Kwa kaburi lenye kuta za sentimita 40, juu na pande zote ni kama mita za mraba 4 hadi 6 kulingana na ukubwa wa jamvi, ongeza asilimia 10 ya kuvunjika. Na zege likae siku 28 kabla ya kubandika, likifunikwa magunia na kumwagiliwa siku 7 za mwanzo. Nani anakwenda makaburini kumwagilia zege siku saba? Hakuna. Ndiyo maana.

Mama Temeke
Na ukiacha marumaru nzuri, usiku zinaondoka. Misalaba ya chuma inakatwa inauzwa kama chuma chakavu. Bora maandishi yachongwe kwenye zege au jiwe, si kibati kilichopigwa skrubu.

Kijiwe cha Mwananyamala
Suala la picha: ile ya kawaida iliyowekwa plastiki, wino wake unaliwa na jua. Nyekundu na njano zinatangulia, inabaki bluu. Ndicho kilichompata dada. Kuna picha inayochapwa kwenye kigae cha kauri na kuchomwa kwenye tanuri, rangi inaingia kwenye kioo cha kigae, hiyo inadumu. Au uchongaji wa mashine kwenye graniti nyeusi. Graniti ya rangi nyingine picha haisomeki. Muwe na picha asili, si iliyotumwa WhatsApp mara kumi: mashine ya kuchonga inaonyesha kila ukungu.

Mwalimu Mstaafu
Kabla ya kuchonga, jina na tarehe vilinganishwe na cheti cha kifo, si na kumbukumbu ya mtu msibani. Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 30 na cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Herufi moja ikikosewa kwenye jiwe na nyingine kwenye cheti, itawasumbua siku ya mirathi na itamuumiza mama kila akienda. Herufi zisipungue sentimita 2.5 kwa kimo, la sivyo baada ya vumbi la miaka mitatu hazisomeki.

Dada ameuliza pia namna nyingine ya kukumbuka. Mbona hilo mmelipita?

Kijiwe cha Mwananyamala
Kweli mwalimu. Lakini jiwe lina kazi yake. Angalia Kanumba yule mwigizaji, amefariki 2013 na mpaka leo watu wanajua alipolala Kinondoni.

Mwalimu Mstaafu
2012, Aprili 7, akiwa na miaka 28. Kazikwa Aprili 10. Na watu hawamkumbuki kwa jiwe, wanamkumbuka kwa kuwa sauti na sura yake viko kwenye filamu. Kijana wa kawaida wa miaka 24 hana filamu, ana simu. Ndiyo nataka tuzungumzie.

Wasifu wa kijana unaosomwa msibani huwa shule ya msingi, sekondari, chuo, "ameacha wazazi na ndugu watano". Hayo ni ya kwenye fomu. Wiki chache baada ya msiba tafuteni watu wanne: aliyesoma naye, aliyefanya kazi naye, jirani wa rika lake, na aliyekuwa akimdai au akidaiwa naye. Msiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani", watasema mpole na mcheshi kama kila marehemu. Waulizeni alikuwa anakaa wapi kijiweni, alikuwa anaagiza nini kwa mama ntilie, alikasirishwa na nini mara ya mwisho, jina lake la utani lilitoka wapi. Rekodini kwa simu, kila mtu peke yake, maana wakikaa pamoja mmoja anasema na wengine wanaitikia.

Fundi Simu Kariakoo
Na msiiguse simu yake ovyo. Kwanza, laini isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga na namba anapewa mtu mwingine. Pili, akaunti ya WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumika inafutwa. Simu ikiwa ni Android na mnaijua namba ya siri, nakilini folda nzima ya mwisho kwa kufungua moja ndani ya nyingine: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Ndani kuna folda ya Voice Notes, faili zake zinaishia na opus. Zile ndizo sauti zake. Wekeni nakala mbili, moja kwenye diski na moja kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Kama simu haifunguki, msijaribu namba kumi kumi, itajifunga au kujifuta. Nendeni kwa aliokuwa akiwatumia ujumbe: sauti zake ziko kwenye simu zao. Wafungue mazungumzo yake, wabonyeze kuhamisha mazungumzo pamoja na media. Na wafanye mapema, watu hubadilisha simu.

Google nayo inafuta akaunti isiyotumika miaka miwili, picha zote zinaondoka. Facebook inaweza kugeuzwa akaunti ya kumbukumbu, ila jumbe zake za siri hazifunguliwi kwa mtu.

Mama Temeke
Hapo kwenye jumbe za siri pabaki hivyo hivyo. Si kila kitu cha marehemu ni cha familia. Nimeona ndoa za watu zikivunjika kwa simu ya marehemu.

Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana. Sauti ndiyo, jumbe hapana.

Picha za karatasi: hewa ya Dar ina unyevu, picha iliyobanwa kwenye fremu inagandia kioo. Wekeni karatasi nene ya kutenganisha ukingoni. Zile albamu zenye gundi na plastiki zinaharibu picha, toeni. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, wino unapenya mbele.

Binti Marumaru
Turudi kaburini kidogo. Kuna mti karibu? Mwarobaini na mjohoro mizizi yake inafuata udongo laini na unyevu, na hakuna udongo laini kama wa kaburi.

Dada wa Ukonga
Upo mwarobaini, kama hatua nne upande wa kulia.

Mtu wa Mwambao
Kulia ndiko linakoinamia! Haya, sasa tuna haraka, jeneza, jirani, mchanga, maji na mti.

Kokoto Saba
Mizizi inainua, haishushi.

Binti Marumaru
Inanyonya maji kiangazi udongo unasinyaa, masika unavimba tena. Kwenye mchanga mtupu haisumbui. Kwenye udongo wenye mfinyanzi, inasumbua.

Mpima Viwanja
Neno moja kwa wanaosema jiwe halina maana. Ardhi ikihitajika kwa kazi za umma, makaburi yanahamishwa, kuna sheria yake ya mwaka 1969. Hata wale askari 660 wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliokuwa Ocean Road walihamishwa 1968 kupisha barabara, ndiyo makaburi yanayoonekana leo Bagamoyo Road. Kaburi lenye jina linapata ndugu wa kusimamia. Lisilo na jina linahamishwa na mkandarasi peke yake. Kwa hiyo hata mkiweka fremu ya mchanga tu, alama yenye jina iwepo, na mpige picha yenye eneo la ramani ya simu.

Dada wa Ukonga
Wakuu, asanteni sana. Tumekaa na mama. Amekubali misa ifanyike na fremu ya tofali kozi mbili, ndani kokoto, bila jamvi. Jamvi la zamani linatinduliwa Jumamosi. Picha ya kauri tunaagiza. Rafiki yake wa kazini ametuma sauti zake nyingi, moja anabishana na konda kuhusu chenji. Mama ameicheza mpaka chaji imeisha. Binamu bado anasema fundi mbaya.

FundiZege
Jumamosi mkitindua, tazameni vipande vilivyovunjika. Kama hakuna nondo, binamu ameshinda.

Mzee wa Buguruni
Na kama zipo?

FundiZege
Tazameni zimelala chini au katikati.

Kokoto Saba
Na muhesabu mifuko 😀